Chupa ya Soda na Mtamba wa Mwanjaa

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya juzi, kwenye miteremko ya Usambara aliishi mjane aitwaye Mwanjaa. Alilima nyanya. Alikuwa na binti wa miaka mitatu, Nahoza. Nyumbani pake walikaa pia mama yake mzazi, Bibi Kupaza, na kaka yake, Kaoneka, ambaye ndiye aliyepiga nyanya dawa ya wadudu.

Siku ya gulio Mwanjaa alikwenda kuuza nyanya. Huku nyuma, kopo la dawa la Kaoneka likapasuka. Dawa iliyobaki akaimimina kwenye chupa ya soda, akaiacha jikoni. Kopo akalitupa jalalani kule shambani, akaendelea na kazi.

Nahoza akaona soda. Akanywa.

Bibi alimkuta ameketi chini, mate yanamchuruzika, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa maji.

"Jamani, mjukuu wangu! Leteni maziwa! Nimtie kidole atapike!"

Jirani yao, Hidaya, akaja mbio. Akamwinua mtoto kidevu, akamtazama macho. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akanusa gauni.

"Hii ni dawa ya nyanya. Mama, toa kidole! Usimtapishe, usimpe maziwa. Akitapika itamwingia mapafuni."

"Wewe ndiye wa kunifundisha kulea?"

"Wangu nilimtapisha, mama. Maziwa pia nilimpa. Kesho yake nikamzika."

Bibi akatoa kidole. Hidaya akamvua mtoto gauni lililolowa dawa, akamwosha kwa sabuni na maji mengi, akamfunga kanga kavu.

Sasa nani ampeleke kituo cha afya? Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, hata pikipiki haipiti. Akajitokeza Mandia, wifi yake Mwanjaa, mwanamke aliyezoea kubeba mawe ya ujenzi.

"Nipeni mimi."

Akampakata akiwa amelala ubavu, uso ukitazama chini ili mate yatoke, akaushuka mlima mbio. Akateleza, goti likachanika, lakini hakumwachia mtoto. Walipofika mtoni, Nahoza akaacha kupumua. Mandia akamlaza, akamfuta kinywa, akampulizia pumzi. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Akapuliza tena na tena, mpaka midomo yake mwenyewe ikaanza kufa ganzi kwa sumu. Hakuacha. Mtoto akakohoa. Mandia akambeba, akakimbia tena.

Daktari akampokea, akamtilia hewa, akauliza, "Kanywa nini?"

"Dawa ya nyanya."

"Ipi? Ziko nyingi, na tiba zake si moja. Nileteeni kopo lake!"

Simu ikapigwa nyumbani, kopo linatakiwa. Kule Kaoneka alikuwa amerudi, akakuta kilio. Hakuna aliyejua dawa ilifikaje jikoni. Angeweza kusema mtoto aliiokota njiani, na watu wangeamini. Lakini akasimama mbele yao wote.

"Ni mimi niliyeimimina. Dawa yenyewe naijua, na kopo najua liliko."

Akakimbia shambani, akafukua jalala kwa mikono, akalipata kopo na karatasi yake, akashuka nalo mlima. Daktari akasoma jina, akachoma sindano, akarudia, akarudia. Jioni Nahoza akafungua macho, akamwita mama yake, na mama yake, aliyepata habari gulioni, alikuwa pale.

Siku ya tatu mtoto akarudi nyumbani. Mwanjaa akamfungua mtamba wake, ng'ombe pekee aliyekuwa naye.

"Aliyemponya mwanangu amchukue huyu. Ni mmoja. Simchinji, simgawi."

Hidaya akasema, "Mama Nahoza, ni mimi niliyeutambua ugonjwa. Bila macho yangu, mtoto angetapishwa, angefia jikoni."

Mandia akasema, "Wifi, kutambua si kufikisha. Ni mimi niliyempa pumzi yangu pale mtoni. Bila mikono yangu, daktari angeletewa maiti."

Kaoneka akasema, "Dada, sumu ilitambuliwa, mtoto alifika, na bado alikuwa anakufa. Ni kopo langu lililoonyesha tiba."

Bibi Kupaza akafoka, "Huna haya! Si wewe uliyetia sumu kwenye chupa ya soda?"

"Ni mimi, mama, na kosa hilo nitalibeba maisha yangu yote. Lakini dada hakuuliza nani alimdhuru. Ameuliza nani alimponya. Ningenyamaza, nisingelaumiwa na mtu, na Nahoza angekuwa kaburini."

Mwanjaa akamtazama jirani yake aliyemzika mwanawe. Akalitazama goti la wifi yake lililofungwa kitambaa. Akamtazama kaka yake, ambaye hakuinamisha kichwa. Kamba ya mtamba ilikuwa mkononi mwake, na wote watatu walikuwa wanangoja.

Enyi mnaonisikiliza, mngekuwa ninyi, kamba hiyo mngemkabidhi nani?