Shimo la Choo na Majani ya Babu Ladislaus

Kikao cha wazazi katika kijiji kimoja cha milimani Mbinga kilianza kwa sala, kikaingia kwenye ajenda, kisha kikapotea kama mbuzi aliyekata kamba. Ajenda yenyewe ilikuwa moja tu: mahali pa kuchimba shimo la choo cha shule. Bwana afya alikwisha kusema kwamba akirudi Jumatatu akakuta ardhi haijaguswa, shule inafungwa.

Mama Kunigunda, mwenyekiti mpya, alitamka tu neno "shimo", Babu Ladislaus akasimama na mkongojo wake. Shamba lililopakana na shule, ambalo ndilo lililotakiwa, lilikuwa lake.

"Shimo halichimbwi hivihivi! Kwanza mnafyeka, majani mnayalaza miraba, ndipo udongo unafunika juu."

Kunigunda akajiuliza: Majani chooni? Miraba ya nini? Alipong'amua kuwa mzee anaeleza ngoro, yale mashimo ya Wamatengo ya kulimia mahindi na maharage, tayari Mama Eunice alikuwa anauliza mbegu ya maharage, na Bernadi anamjibu habari za mbolea. Akatazama huku, akatazama kule, kichwa kikamzunguka kama pia. Hata yeye hakujua tena kama kikao ni cha choo au cha maharage.

"Mzee, umetoka nje ya mada!" akaropoka Wilfred, fundi wa kuchimba. "Sisi tunaongelea kinyesi, wewe unatulimia!"

Watu wakaangua kicheko. Babu akavaa kofia yake polepole.

"Basi mkachimbe kwa mwenye mada. Kwangu asikanyage mtu."

Kicheko kikakauka kama dagaa usipa juani. Kunigunda akamwahi mlangoni, akapiga goti.

"Babu, maneno tumeyachanganya sisi. Mimi mwenyewe nimepotea humu ndani! Udongo huu unaujua tangu hatujazaliwa. Tuonyeshe basi, tukichimba kwenda chini sana, ni wapi hautaporomoka?"

Babu akakohoa. Mkongojo ukageuka kuelekea shambani, kikao kizima kikaufuata. Penye kona akauchomeka ardhini.

"Hapa. Chimbeni mpaka kuzimu, hapaporomoki." Kisha akakunja uso. "Lakini majani mtayalaza wapi?"

Watu wakang'ata midomo. Kunigunda akajibu, uso mkavu kama wa padri kwenye mazishi:

"Juu, Babu. Ya paa."

"Ahaa, ya paa! Si ndivyo nilivyosema tangu mwanzo?"

"Ndivyo, Babu!" wakaitikia wote, Wilfred akiwashinda kwa sauti, jembe lake likiwa tayari limezama ardhini.

Ndipo mjue: maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na nyoka mwenyewe akadhani ametoka kutembea.