Namba Moja ya Mwanakombo

Wakubwa kwa wadogo, nisaidieni. Mimi nimeshindwa, na kichwa changu mnakijua.

Huko Ayalandi, katika mji mmoja, walikuwako wanasiasa watatu. Gráinne wa Chama cha Ng'ombe alijaliwa sikio. Declan wa Chama cha Reli alijaliwa ulimi. Noel wa Chama cha Upepo, adui wa moshi, alijaliwa moyo.

Ndugu yangu Sefu, mkazi wa mji huo niliyekuwa mgeni wake, figo zimemchoka. Basi la mji ndilo humpeleka hospitali kusafishwa damu. Serikali ikataka kulifuta kimyakimya.

Gráinne akanasa mnong'ono kabla ya yeyote, akaulipua magazetini. Amri ikasimamishwa.

Lakini madereva walikwisha kuondoka. Declan akawafuata majumbani, akawabembeleza mpaka wakarudi.

Basi lenyewe tangi kavu. Noel, huyo adui wa moshi, akafyonza dizeli ya trekta la baba yake, akalijaza. Chama chake kikamnunia.

Angekosekana mmoja, Sefu tungemzika.

Ukaja uchaguzi mdogo wa bunge. Kiti kimoja, wote watatu wanakikimbilia. Kule wagombea hubisha hodi nyumba kwa nyumba. Shemeji yangu Mwanakombo, mke wa Sefu, raia wa huko, akampa kila mmoja chai, na kila mmoja akamwambia, "Wewe kwangu namba moja."

Kwetu hayo maneno ya kumsindikiza mgeni. Kule ni ahadi ya kura! Mpiga kura haweki tiki. Huwapanga wagombea kwa namba, na moja huandikwa mara moja tu. Wa pili hungoja wa kwanza aanguke ndipo kura imfikie.

Tulipojua hayo, tuko mlangoni mwa kituo. 

"Shemeji," nikasema, "waandikie wote moja."

Karani wa kituo akanitazama kama nimemtukania mama. "Kura hiyo itaharibika, bwana."

Sefu akaguna. "Kaka, umezunguka nchi zote hizo. Akili uliisahau uwanja gani wa ndege?"

Mwanakombo hakucheka. "Watu wawili nimewadanganya, shemeji. Ndani ya nyumba yangu, kikombe changu mkononi mwao. Na hao ndio walioniachia mume."

Akachukua karatasi, akaingia kibandani.

Sasa msinikodolee macho mimi. Penseli ile mngeishika nyinyi, moja mngemwandikia nani?