Ngao za Makapi ya Mkonge

Zamani zile, wanyama walipokuwa bado na nyumba zao, vyungu vyao na hata majeshi yao, kulikuwa na chemchemi moja tu isiyokauka wakati wa kiangazi. Kila mnyama aliteka maji hapo, mpaka fisi walipoiteka chemchemi yenyewe. Walikaa juu ya majabali, na yeyote aliyesogea na mtungi walimrushia mawe. Watoto wa nyati wakabaki kulamba umande kwenye majani.

Jemadari Nyati akakusanya jeshi. Kila askari alipewa ngao ya ngozi ya kujikinga na mawe. Walipofika karibu na chemchemi, wakapiga kambi kando ya shamba la mkonge. Jua lilikuwa kali, kwa hiyo wakaweka ngao chini, wakalala kidogo.

Walipoamka, ngao hazipo. Zimebaki kamba na vipande vilivyotafunwa. Fisi, wanangu, hula ngozi. Jemadari alilisahau hilo.

"Turudi nyumbani," akasema Nyati kwa unyonge.

"Tukawaambie nini watoto?" akauliza Bi Ngiri, mpishi wa jeshi. "Maji yaliyobaki ni haya ya chunguni."

Nguchiro hakuwa akiwasikiliza. Yeye alikuwa mdogo kuliko askari wote, na tangu wafike alikuwa akizungukazunguka lundo la makapi ya mkonge, zile nyuzi fupi zinazotupwa watu wakishachukua katani nzuri ya kusokota kamba. Alizivuta, hazikukatika. Akazitafuna. Zikamnasa menoni, akahangaika kuzitoa kwa kucha, kwaru, kwaru, mpaka machozi yakamtoka.

Kisha akacheka peke yake.

"Bi Ngiri," akasema, "naomba hicho chungu. Na maji yake."

"Haya ndiyo maji yetu ya mwisho, baba."

"Najua. Nataka kuchemsha mabaki ya ngao."

Bi Ngiri akamtazama Jemadari. Nyati akachungulia chunguni, akauliza, "Na usipofaulu?"

"Tutakuwa na kiu leo badala ya kesho."

Wakampa. Ngozi ikachemka, ikachemka, mpaka ikawa gundi nzito yenye kunata, na harufu yake ikaenea kambi nzima. Nguchiro akachanganya gundi na makapi, akaviringisha, akatandaza mchanganyiko juu ya vichuguu ili upate umbo la ngao.

"Sasa Jemadari, njoo ukalie."

"Mimi? Nikalie takataka?"

"Hakuna mwingine mwenye uzito wa kutosha."

Nyati akakalia kichuguu, akahamia kingine, na kingine tena, huku askari wakiangalia pembeni wasije wakaonekana wanacheka. Jua likazikausha juu juu tu. Ndani ngao zilikuwa bado zinanata. Kwa nje zilikuwa za hudhurungi, na zilinuka ngozi.

"Tushambulie," akasema Nyati.

"Hapana. Tulale."

"Tulale tena? Watazila."

"Ndicho ninachotaka," akasema Nguchiro. "Wewe koroma tu, uwe na moyo."

Wakajilaza juani, midomo imekauka. Nyati akakoroma, khoo, khoo, huku jicho moja liko wazi. Haukupita muda, fisi wakateremka wote kutoka kwenye majabali, maana hakuna aliyekubali kubaki nyuma wenzake wakila. Mkubwa wao, Fisi Kibyongo, akanusa ngao.

"Hizi ni nono kuliko zile za kwanza," akanong'ona. Akauma kwa nguvu zote.

Kacha. Meno yakazama. Akajaribu kuyatoa, yakagoma. Akavuta, nyuzi zikafuata, zikajipenyeza kati ya magego, na gundi ikazikaza humo. Fisi wa pili akanasa, na wa tatu, na wote. Kila mmoja alikuwa akivuta ngao kinywani mwake kwa mikono miwili. Hapakuwa na mkono wa kuokota jiwe.

"Simameni, tukateke maji," akasema Nguchiro.

Jeshi likapita katikati ya fisi bila kugombana na mtu. Bi Ngiri akajaza chungu, na wajumbe wakakimbia na mitungi kwa watoto.

Fisi Kibyongo akaja akiburuza ngao kidevuni. "Nngh'oe," akaomba.

"Nitakutoa," akasema Nguchiro, "ukikubali chemchemi iwe ya wote."

Fisi akaitikia kwa kichwa, ngao nayo ikatikisika. Nguchiro akamloweka kinywa kwa maji ya moto, akamchomoa uzi mmoja mmoja mpaka taya likafunguka. Fisi akapapasa mdomo wake, akauliza taratibu:

"Bwana Nguchiro, hii ilikuwa ngozi ya mnyama gani?"

"Haikuwa ya mnyama," akajibu Nguchiro. "Ni yale makapi mliyokuwa mkiyakanyaga mkija kutuibia."

Basi, wanangu, kabla hujakiita kitu takataka, kishike kwanza, ukivute, ujue kinaweza nini.