Utepe wa Pili

Msinitazame hivyo. Hata sijaanza, tayari pale benchi la nyuma watu wanagusana viwiko. Wiki iliyopita mliamini ujumbe wa kwenye simu kwamba maji ya kuoshea mchele yanaotesha meno upya, na wengine wenu mkayanywa, ninawajua. Leo nikisema mama wa miaka hamsini na tisa alikimbia kilomita ishirini na moja kwa miguu yake, mnakunja midomo. Basi kunjeni. Mfano hauombwi kitambulisho. Ukiwa na kitu utakukuta hapo hapo ulipokaa, na ukiwa hauna kitu, wewe utarudi nyumbani kupika kama kawaida. Sikilizeni.

Kulikuwa na wanawake wawili wa Songea, Gaudensia na Waltruda. Walizaliwa kijiji kimoja na wakasoma shule moja ya msingi, enzi zile mtoto alipokwenda shule na jembe begani na kidumu cha maji mkononi. Mliokimbia mchakamchaka hamhitaji kuelezwa. Ninyi mliopelekwa shule na basi la njano, pigeni picha hii: asubuhi na mapema, mwezi wa sita, baridi ya kwetu ile inayouma mpaka kwenye kucha. Shule nzima imepanga mistari miwili, kiranja anaanzisha wimbo, wote mnaitikia na kukimbia, moshi unawatoka midomoni kama mna sigara. Viatu hakuna. Hakuna aliyejiona maskini, maana hakuna aliyekuwa navyo.

Mchakamchaka wa shule yao ulikuwa na sheria yake. Mwalimu wa zamu hakupenda kukimbia. Alikaa kwenye ngazi za ofisi na kikombe chake cha chai, akawaagiza watoto waende mpaka kwenye mkaratusi uliokuwa ng'ambo ya mto, kila mmoja arudi na jani bichi la mti ule. Mkaratusi ulikuwa huo mmoja tu kijiji kizima, kwa hiyo jani lilikuwa shahidi. Asiye na jani alikula fimbo nne, halafu akamwagilia bustani ya mwalimu.

Gaudensia alikuwa na miguu, jamani. Alikimbia kama aliyeitwa kula. Waltruda alikuwa na kifua kibovu. Akifika kwenye daraja la magogo anashika mbavu, anakaa. Gaudensia angefanya nini? Alichuma majani mawili. Akirudi anamkuta mwenzake darajani, anampa moja, wanarudi wameshikana mikono wananukia mkaratusi. Hivyo hivyo tangu darasa la tatu mpaka la saba. Hakuna siku Waltruda alichapwa kwa ajili ya jani. Niwaulize: huo si upendo? Ni upendo. Nani kati yenu amewahi kuchumiwa jani na mtu kwa miaka mitano?

Miaka ikaenda. Wakaolewa, wakazaa, wakahamia mjini, mtaa mmoja. Gaudensia akaendelea kuwa Gaudensia. Msibani, Waltruda akichelewa, alimfunikia sahani yake. Zahanati alimshikia foleni kwa kuweka ndala pembeni yake. Kwenye mikutano ya kikundi alimsainia mahudhurio, na mara mbili alimchangia mpaka maoni. Na sisi tuliokuwa tukiwaona tulisema, marafiki ni wale.

Basi mwaka mmoja zikatangazwa mbio za hisani, za kuchangia nyumba ya kulala kina mama wajawazito wanaotoka vijiji vya mbali, ili wasubiri siku zao karibu na hospitali. Zilikuwa mbio ndogo. Watu mia tatu hivi, na mbuzi wawili waliojiunga njiani bila namba. Gaudensia alipokwenda kujiandikisha akakuta jina la Waltruda limeshaandikwa, namba mia mbili kumi na nne. Alitoka pale mpaka kwa mwenzake bila kupitia kwake.

"We Walta, umeona kuna za kutembea? Kilomita tano. Hata wake za wakubwa wanatembea hizo."

"Nimeandika ishirini na moja."

"Na kifua chako?"

"Kifua changu nimekiuliza. Kimekubali."

Asubuhi ya mbio, uwanjani, Gaudensia alikuwa anambana mwenzake pini za namba mgongoni. Waltruda akamwambia bila kugeuka, "Gaude, leo usinichukulie kitu. Leo nataka nifike kule mwenyewe."

"Haya mama, utafika."

Mnaijua hiyo "haya mama". Ndiyo ile tunayomwambia mtoto anaposema akikua atatujengea ghorofa.

Wakaachiwa. Mbele vijana wa jeshi, wanaruka kama wamekanyaga makaa. Nyuma yao manesi, walimu, dereva mmoja wa bodaboda aliyekimbia na mabuti ya mvua, na nyuma kabisa watu wazima na magoti yao. Gaudensia alikuwa katikati. Kilomita tatu za kwanza mwili ulimtukana. Ya nne ukanyamaza. Ya tano, walipoacha nyumba za mjini na kuanza mashamba, harufu ya moshi wa matanuri ya matofali ikamjia, wanachoma kwa kuni za mkaratusi, na hapo yule mama wa miaka hamsini na tisa akawa na miaka kumi na mbili. Akausikia wimbo wa kiranja tumboni. Akaona visigino vya wenzake mbele yake, vyeusi, vina umande, vingine vya watu waliokufa zamani. Akawakumbuka kwa majina. Mmoja alikuwa akificha kiazi cha kuchoma ndani ya kaptula ili kimpashe joto, kikamuunguza, akakimbia mbio zake zote kwa kuchechemea. Gaudensia alicheka peke yake barabarani, na watoto waliosimama kando na majagi ya maji wakacheka naye bila kujua wanacheka nini. Hajawahi kuwa na furaha kama ile tangu mwanawe wa mwisho aanze kutembea.

Sasa, waandaaji hawakuwa na mashine za kuhesabu watu. Mahali pa kugeuzia, kilomita kumi na nusu, walimweka binti mmoja na daftari na bunda la tepe nyekundu. Ukifika unataja namba, anaweka alama, anakupa utepe, unageuka. Kule mwisho bila utepe hupewi medali.

Gaudensia alifika, akataja yake, akafungwa utepe mkononi. Halafu, kabla hata hajafikiri, mkono ukarudi mbele.

"Nipe na wa mwenzangu. Mia mbili kumi na nne."

"Yuko wapi, bibi?"

"Yuko nyuma, kifua kinamsumbua. Tangu utoto ni mimi namchukulia."

Binti akaona huruma. Akaweka alama, akatoa utepe wa pili. Msimlaumu. Nani kwetu anamnyima mtu anayemchukulia mwenzake?

Akirudi, kwenye kilima kabla ya kilomita ya nane, akamwona Waltruda anapanda. Hatua fupi fupi, mikono imebanwa kifuani, uso umetulia kama mtu anayekwenda sokoni na ana uhakika atakuta nyanya. Mimi ningeuona ule uso. Gaudensia hakuuona. Aliona mtoto amekaa darajani ameshika mbavu, na moyo ukamlainika.

"Walta, shika. Tugeuke."

Waltruda akautazama utepe. Hakupunguza hatua.

"Nilikwambia nini asubuhi?"

"Utaanguka njiani wewe. Nitawaambia nini watoto wako?"

"Waambie mama yenu alikuwa anakimbia."

Akapita. Gaudensia akasimama, akamwita mara mbili, halafu akajiambia, atageuka tu, namjua. Akaufunga utepe wa pili juu ya ule wa kwanza, akateremka kilima. Alipomaliza akanyoosha mkono wenye tepe mbili, akaeleza habari za kifua, akapewa medali mbili. Akapigwa picha nazo. Akanywa supu, akasubiri saa nzima. Hakumwona mwenzake, akasema moyoni, huyo amepanda pikipiki amekwenda kulala. Akaondoka na furaha yake. Na ile furaha haikuwa ya unafiki, hilo nataka mlielewe, maana hapo ndipo penye mwiba.

Kesho yake saa kumi jioni Waltruda akaja, na ndala, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Gaudensia akamkaribisha, akamtilia togwa, akaweka medali mezani mbele yake.

"Yako hiyo. Nilikuchukulia."

"Hiyo si yangu. Hiyo ni ya namba mia mbili kumi na nne, na nimeambiwa huyo alimaliza saa nne na nusu. Mimi nimefika saa sita na robo."

"Ulifika?"

"Nilifika kule, Gaude. Kwenye kugeuzia. Nikamwambia yule binti, nipe utepe wangu. Akafungua daftari, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, bibi, wewe ulishachukua, unataka wa pili wa nini? Mbele ya watu. Nikageuka na aibu yangu, nikarudi nayo njia nzima. Nafika uwanjani, wanashusha turubai. Kijana mmoja akasoma namba yangu, akaniambia, hongera mama, lakini wewe ulishamaliza." Akanywa togwa. "Nilimaliza kabla sijafika."

"Mimi nilikuwa nakusaidia. Kama zamani."

"Kifua kilipona nikiwa na mimba ya pili. Una habari hiyo?"

Gaudensia hakuwa nayo.

"Miezi minane nimekimbia kila asubuhi, napita mbele ya nyumba hii hii. Na ule mti, Gaude. Miaka mitano nimempelekea mwalimu majani ya mti ambao sijawahi kuuona. Mwaka juzi nilikwenda kijijini kuutafuta, nikaambiwa walishaukata wakachonga nguzo za umeme. Nikasema, basi, nitafute mahali pengine pa kufika."

Sasa ninyi mlionuna tangu nianze, niambieni, Gaudensia kosa lake nini? Aliiba? Alisema uongo? Alimchukia mwenzake? Hata kidogo. Alimpenda vizuri sana, ila aliyempenda alikuwa mtoto wa darasa la tatu. Yule mtoto alishaondoka darajani miaka mingi, na mwanamke mzima akapita mbele ya Gaudensia anahema, Gaudensia asimtambue.

Na sisi je? Sisi tumebeba tepe za watu wangapi? Kuna mwanao hapa mtaani aliyeacha pombe mwaka wa nne sasa, na bado akiingia sebuleni unasogeza pochi, na huku unamwombea. Unamwombea nini? Kuna dada katika jumuiya hii ambaye kila Alhamisi tunamtaja kwenye sala apate nguvu, na nguvu alishazipata, hatujamuuliza tu, kwa sababu akiwa mzima sisi tutamsaidia nani? Tunapenda kuwa watu wa majani mawili. Ni tamu. Mimi nimeuonja utamu huo, nina mdogo wangu ambaye nilimjibia maswali mpaka ana wajukuu. Tunasema tunambebea mwenzetu mzigo, kumbe tumembebea safari yake, na siku Mungu amempa miguu anakuta jina lake limeshawekewa alama na mkono wetu. Anaonekana mwongo kwa kosa la kufika.

Kwa hiyo ukimpenda mtu, geuka umtazame alivyo leo. Muulize. Akikwambia usinichukulie, usimjibu "haya mama". Ondoa mkono wako kwenye utepe wake, hata kama vidole vitawasha. Akianguka, utamwinua. Lakini kwanza mwache afike pa kuangukia.

Najua mnataka niwaambie walikumbatiana wakalia. Sikuja hapa kuwapatanisha, hilo watalifanya wenyewe wakitaka. Waltruda alimaliza togwa yake mpaka chini, maana hakuwa na ugomvi na togwa. Medali akaiacha mezani. Alipoinuka, Gaudensia naye akainuka, akavuta kanga yake kwenye kiti.

"Ngoja nikusindikize. Na hicho kidole, kile kilima cha kwenda kwako kitakutesa."

"Kaa, Gaude."

Gaudensia akakaa. Waltruda akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.