Mama wa Jumamosi

Sogeeni karibu na mtege masikio, maana mwisho wa hadithi hii kazi itakuwa yenu.

Zamani, wamisionari walipokuwa wakiwakusanya watoto waliokombolewa utumwani, palikuwa na chuo kando ya hori, mkono wa bahari uingiao nchi kavu, na chuoni humo vijana watatu. Songoro alikuwa na macho makali. Uledi aliujua usukani. Farjala alikuwa na pumzi ndefu, hata akizama majini watu walidhani amekufa, wakaanza kumlilia. Wote hawakuwa na kwao. Jumamosi lango lilipofunguliwa, aliyeruhusiwa kutoka ni mwenye ndugu wa kumfuata tu. Hao watatu walibaki ndani wakifua kanzu polepole ili siku iishe.

Mwenzao Almasi alikuwa na mama. Bi Chausiku alipoteza mume na mabinti katika njia ya misafara, wala hakujua walifukiwa wapi, kama walifukiwa. Almasi ndiye aliyembakia. Kila Jumamosi alimfuata langoni, akampeleka chumbani kwake, akampikia wali na kumgombeza bure kwamba amekonda.

Basi mkuu wa chuo, Mzungu, akawafundisha vijana kupiga makasia kwa mtindo wa kwao: mpiga kasia huelekeza mgongo aendako, na mshika usukani peke yake ndiye atazamaye mbele. Watu wa mji walicheka mpaka wakashika mbavu. "Tazameni wasomi wetu, wanakwenda kinyumenyume!" Bi Chausiku naye alicheka, lakini siku ya mashindano alifika ufukoni mapema, amevaa kanga mpya.

Mashua mbili zikatoka, maji yakipwa kwa kasi kuelekea bahari kuu. Ya Uledi na wenzake ikatangulia. Nyuma yao ile ya Almasi na wenzake wawili ikapinduka. Bi Chausiku aliona vichwa viwili vikiibuka, akangoja cha tatu. Hakikuibuka.

Sheria ya makasia ilimkataza Songoro kutoa macho nje ya mashua. Akayatoa. Alipaona pale Almasi alipozama, akapakazia macho bila kupepesa. "Pale! Pale pale!"

Uledi alikuwa akiona bendera ya ushindi tu, nayo ilikuwa karibu kabisa. Hakuuliza mara mbili. Akaigeuza mashua dhidi ya mkondo, akaizuia mahali pale kwa usukani na kasia moja mpaka viganja vikachunika.

Farjala akazama, akatoka na tope mkononi. Akazama tena, akatoka na damu puani. "Basi, utakufa!" Uledi akamwambia. Akazama. Safari hii Farjala alitoka na Almasi, lakini roho ilikwisha kutoka.

Angekosekana mmoja wao, bahari ingemchukua Almasi moja kwa moja. Sasa Bi Chausiku, baada ya wote aliowapoteza, ana kaburi moja la kupalilia. Alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akaenda kwa mkuu wa chuo.

"Nataka mmoja wa wale watatu awe mwanangu."

"Kwa nini usiwachukue wote, mama?"

"Nikichukua watatu nitakuwa mlezi wa chuo, na walezi mnao. Mimi nataka kuwa mama. Na nguvu zilizonibaki ni za mtoto mmoja."

Jumamosi Bi Chausiku akaja langoni. Watatu wamesimama, hakuna anayemtazama mwenzake.

"Mama," Songoro akasema, "mimi kila nikifumba macho, napaona pale."

Uledi alificha viganja nyuma. "Mchukue Farjala. Yeye ndiye aliyemshika."

"Nilichelewa, mama," Farjala akasema, akaanza kulia.

Bi Chausiku alitamani arudi peke yake. Moyo ulimuuma kwa ajili ya mwanawe, na sasa ulimuuma kwa ajili ya hawa pia. Bawabu akafungua lango, akauliza, "Mama, unatoka na nani?"

Mimi nikifika hapa sina ujasiri wa kuendelea. Mmoja atapata mama, na wawili watabaki langoni wakimtazama akienda zake. Haya, semeni ninyi mliosikia yote: mngekuwa Bi Chausiku, mngemshika nani mkono?