Shebuge na Kiti cha Spika

Bunge la nchi ya Sagamba lilikuwa na wabunge ishirini na mmoja tu. Mmoja wao, tajiri Shebuge, alipeleka mswada ili Ziwa Mwanda liwe lake peke yake.

“Sisi kumi na mmoja, nyinyi kumi,” Shebuge alimcheka Chausiku, mbunge wa wavuvi. “Kesho mtaniomba ruhusa hata ya kunawa!”

“Tumeshindwa, mheshimiwa,” Chausiku alisema kwa unyenyekevu. “Basi chukua na kiti cha Spika, kiko wazi. Tumbo kama lako ndilo litakalokijaza.”

Shebuge akavimba kwa furaha. Wote wakamchagua, akavikwa joho. Kisha kura za ziwa zikapigwa: kumi kwa kumi.

“Bado yangu!” alinguruma.

“Ungesoma kanuni, mheshimiwa,” alisema Chausiku. “ Spika hapigi kura, na kura zikilingana mswada umeanguka. Haya, tutangazie.”