Moshi wa Genzaburo, Mashuka ya Otose

Isome ukiwa umetulia, kisha mpelekee yule unayeishi naye nyumba moja.

Katika milima ya Japani, kijiji cha Sumitani, palikuwa na mchoma mkaa aitwaye Genzaburo. Wengi walimkatia jina wakamwita Gen, lakini jina lake ni Genzaburo. Mkewe aliitwa Otose.

Mkaa wa kule hauchomwi kwa kufukiwa shambani kama wetu. Magogo ya mwaloni husimamishwa ndani ya tanuri la mawe na udongo, na mchomaji hukaa nje akiutazama moshi. Ukiwa mweupe, kuni bado zina maji. Ukigeuka buluu na kukonda, mkaa umeiva, na tanuri lazima lizibwe upesi. Ukichelewa, utafungua majivu.

Macho ya Genzaburo yakaanza kufifia. Hakumwambia mtu. Kuni zile zilikuwa za kijiji kizima, na mkaa wake ndio uliokuwa moto wa kila nyumba wakati wa theluji. Mchomaji asiyeuona moshi angeambiwa akae nyumbani, na Genzaburo hakujua kukaa nyumbani.

Otose aligundua siku alipomwona akimimina chai kando ya kikombe. Naye akaificha siri hiyo. Ila tangu hapo, kila tanuri lilipowashwa, alipanda kilimani na birika, akakaa juu ya gogo, akaanza kulalamika.

"Wewe mzee, moshi wako mweupe utanichafulia mashuka!"

"Si uyaanue?"

"Niyaanue mabichi?" Kisha, baada ya muda: "Haya, sasa umekuwa wa buluu. Mashuka yangu yamepona."

"Mashuka, mashuka! Ungeolewa na dobi," Genzaburo alinung'unika, huku akikanda udongo wa kuzibia tanuri.

Mwaka mmoja, baridi ilipoanza, Otose alishikwa na homa, na sauti ikamkauka kabisa. Tanuri lilikuwa limekwisha kuwashwa.

Akajikokota hadi mlangoni, akatazama juu. Moshi ulikuwa mweupe, ukawa wa kijivu, ukawa wa buluu. Akaita, neno halikutoka. Akapiga sufuria kwa mwiko, upepo ukaipeleka sauti bondeni. Akajaribu kupanda, magoti yakakataa. Basi akakaa kizingitini akilia. Hakuulilia mkaa. Aliulilia uso wa mumewe mbele ya majirani.

Mara moshi ukakatika. Tanuri lilikuwa limezibwa. Lakini je, kwa wakati wake?

Lilipopoa, kijiji kikakusanyika. Otose naye akaja, majirani wawili wakimshikilia, amejitanda blanketi hadi machoni. Genzaburo akainama, akaingia ndani, akatoka na vipande viwili vya mkaa. Akavigonganisha. Vikalia kama kengele, mlio wa mkaa ulioiva sawasawa.

Watu walipokwisha kuondoka na mizigo yao, Otose alimwuliza mumewe kwa sauti ya kukwaruza:

"Nani alikuambia moshi umegeuka?"

"Pua. Moshi mbichi huwasha, ulioiva hauwashi. Tangu ujana wangu nanusa tu."

"Kumbe! Na mimi napanda kilima kwa magoti haya, napayuka habari za mashuka! Mbona hukuniambia?"

Genzaburo akapapasa, akalipata blanketi, akamfunika vizuri mabegani.

"Ningekuambia, Otose, ungekuja tena na chai?"

Tanuri lililofuata lilipowashwa, Genzaburo alishuka mwenyewe kumchukua. Wakapanda pamoja polepole, yeye akimwegemea mumewe, mumewe akiambiwa wapi pana jiwe. Na walipofika juu, kabla birika halijatua, majirani wakasikia:

"Wewe mzee, mashuka yangu!"

Funzo: Si kila msaada tunaoupokea huwa tunauhitaji. Mwingine tunaupokea kwa sababu tunamhitaji anayeuleta.